Yaliyopita Si Ndwele, Lakini Ndwele Ikiwa Bado Kitandani?

 

Juma hili tunazungumzia jambo ambalo huziingia familia zetu bila kubisha hodi: ajali iliyosababishwa na mtu mwingine, na gharama za matibabu ambazo hubaki mlangoni kwa aliyeumizwa. Tunawakusudia zaidi ndugu zetu wa Dutumi, wilayani Kibaha, na wa vijiji vilivyo jirani upande wa Kisarawe. Huko mtu hutembea kwa miguu au hupanda bodaboda kwenda shambani, sokoni, au kuifuata barabara kuu ya Morogoro pale Mlandizi. Sasa njia hizo wanazitumia pamoja na pikipiki nyingi, na kwa wanaopita upande wa Kwala, pamoja na malori ya Bandari Kavu.

Tuchukue mfano, ambao wengi watauona kama habari ya nyumbani kwao. Bibi anarejea kutoka shambani na mzigo wa kuni kichwani. Bodaboda inamgonga. Kijana aliyekuwa akiiendesha si mgeni. Ni mtoto wa mtaa wa pili. Jioni ami yake anafika na wazee wawili, shilingi laki moja mkononi na sukari kilo mbili. "Bibi, huyu ni mjukuu wako, amekosa," anasema mzee mmoja. "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Karatasi inaandikwa, bibi anaweka dole gumba, mwenyekiti wa kitongoji anagonga muhuri, Fatiha inasomwa.

Wiki mbili baadaye mguu haukanyagi. Bibi anapelekwa Hospitali ya Tumbi, anapigwa picha, na inaonekana mfupa umevunjika na umeanza kuunga vibaya. Anaandikiwa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa ya MOI, Muhimbili, afanyiwe upasuaji. Watoto wake wanaanza kutafuta mnunuzi wa shamba. Wakimwendea yule kijana, wanaonyeshwa karatasi: madai yamekwisha.

Hatusemi kwamba wazee wale walikuwa na nia mbaya. Sulhu ni jambo tukufu katika dini yetu. Lakini methali ile ilisomwa kabla ya wakati wake. Yaliyopita si ndwele. Bali mguu wa bibi haujapita, na ndwele ingali kitandani. Mtu husamehe deni analolijua. Bibi aliombwa asamehe deni ambalo hakuna aliyekuwa amelihesabu.

Wapo wanaodhani kwamba kudai gharama ni kupingana na kadari, au ni uroho usiomfaa Muislamu. Turejee katika Qur'an. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 92, Allah (sw) ametaja hukumu ya anayemuua Muumini kwa kukosea. Hakukusudia, na bado, pamoja na kafara, amelazimishwa kutoa diya kwa watu wa marehemu, isipokuwa wenyewe wakiiacha kuwa sadaka. Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, kutokusudia hakufuti haki ya aliyedhurika. Pili, msamaha umeitwa sadaka, na sadaka hutolewa na mwenye mali, kwa hiari yake. Jirani hawezi kuitoa kwa niaba ya bibi, wala mzee wa mtaa, wala sisi.

Yako pia mafunzo ya nyumbani kwa Mtume (saw). Katika Hadithi aliyoipokea Anas (ra), mmoja wa wake zake, kwa wivu, alisababisha kuvunjika kwa chombo cha chakula kilicholetwa kutoka kwa mke mwenziwe. Mtume (saw) hakufoka. Alikusanya vipande na chakula, akamtolea udhuru mkewe, kisha akahakikisha kwamba chombo kizima kinarudishwa badala ya kile kilichovunjika. Upole ulikuwepo, na malipo yakawepo. Ikiwa bakuli lililovunjika lilifidiwa, vipi mguu wa binadamu?

Lakini haki isiyo na ushahidi hupotea. Aya ya 282 ya Surat Al-Baqarah, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, inatufundisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Wahenga wetu nao walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tueleze hatua ambazo kila familia inapaswa kuzijua.

Uhai wa majeruhi hutangulizwa. Apelekwe kwenye matibabu, na ndugu mmoja afuatilie polisi ili ajali iandikwe na fomu namba tatu, maarufu kama PF3, itolewe. Fomu hiyo huunganisha majeraha na tukio. Bila taarifa ya polisi, ni rahisi mtu kudai baadaye kwamba mguu ulivunjika nyumbani.

Ziandikwe namba za usajili wa chombo, jina la dereva, jina la mmiliki, na majina ya walioshuhudia. Mmiliki ni muhimu, kwa kuwa pikipiki nyingi si mali ya vijana wanaoziendesha, na aliyemtuma dereva kwa kazi yake anaweza kuwajibika pamoja naye.

Itazamwe bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakilazimisha chombo cha moto kinachotembea barabarani kuwa na bima dhidi ya madhara kwa watu wengine, yaani kifo na majeraha. Pikipiki haikusamehewa. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa kuhakiki bima kwa kutumia namba ya usajili. Kwa hiyo dereva maskini haimaanishi kwamba hakuna wa kulipa. Kampuni ya bima ipewe taarifa kwa maandishi mapema, na ibaki nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ikisuasua bila sababu, malalamiko yapelekwe TIRA.

Zitunzwe stakabadhi zote: za kumwona daktari, picha, dawa, magongo, na nauli za kwenda kliniki na kurudi. Mahakama zetu hutofautisha hasara mahsusi, ambayo hutajwa kwa kiasi na kuthibitishwa kwa ukamilifu, na fidia ya jumla kwa maumivu na taabu, ambayo hakimu huipima mwenyewe. Gharama za matibabu zimo katika fungu la kwanza. Hakimu anaweza kumhurumia bibi, lakini huruma haijazi pengo la risiti iliyotupwa.

Isidhaniwe kuwa kesi ya polisi dhidi ya dereva inatosha. Dereva anaweza kupatikana na hatia ya uzembe, akalipa faini, na faini hiyo ikaingia serikalini. Mahakama ya jinai inaweza kuamuru fidia, lakini njia ya kawaida ya kudai gharama ni shauri la madai. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, shauri la aina hii hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Miaka mitatu huonekana mingi, hadi mgonjwa amalize kuuguzwa.

Aliyeumia akiwa kazini kwa mwajiri wake ana mlango mwingine: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mwajiri apewe taarifa mara moja. Na asiye na uwezo wa wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria, wakiwemo wasaidizi wa kisheria walio katika wilaya zetu. Tujihadhari na vishoka wanaozunguka wodini wakiahidi kufuatilia malipo kwa sharti la kupewa nusu yake.

Je, basi tuiache sulhu? Hapana. Tuifanye kwa utaratibu. Karatasi isisainiwe kabla daktari hajaeleza matibabu yaliyobaki. Fedha zinazotolewa siku ya kwanza zipokelewe, na iandikwe wazi kwamba ni msaada wa awali na si malipo ya mwisho. Sentensi hiyo moja ingeliokoa shamba la bibi yetu. Kama kijana hana uwezo, na alipe kidogo kidogo kwa maandishi. Kumpa muda mwenye dhiki nako ni ibada. Na kama aliyeumizwa ni mtoto, mzazi akumbuke kwamba haki ya mtoto ni amana. Mlezi hatoi sadaka kutoka katika mali isiyokuwa yake.

Kwa wanaodai, tunausia uadilifu. Risiti ya kughushi, au maradhi ya zamani yanayobandikwa kwenye ajali ya jana, ni kula mali ya watu kwa batili, hata kama mlipaji ni kampuni kubwa. Kwa waliosababisha madhara, tunausia wasikimbie, na wasijifiche nyuma ya wazee na methali. Anayeomba radhi huku akificha stika ya bima bado hajaomba radhi.

Tunawaomba maimamu na viongozi wa mitaa, ambao ndio wanaoitwa kwenye mikeka hiyo ya usuluhishi, waulize swali moja kabla ya kuinua mikono kuomba dua: je, mgonjwa ameshapona, na hesabu yake ni kiasi gani? Wakilijibu hilo, dua yao itakuwa na pa kusimama. Na kila nyumba iwe na bahasha moja ya kuhifadhia karatasi za matibabu, mahali ambapo hata mtoto anapajua.

Aliyehesabu haki yake kisha akasamehe, malipo yake yako kwa Mola wake. Aliyehesabu akadai kwa wema, hana lawama. Tunamuomba Allah (sw) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atujaalie kuwa wenye kutoa haki kabla hatujadaiwa. Amin.

Wallahu a'lam.