Risala ya wagonjwa na waliopona kifua kikuu, ufuo wa Kisumu

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kisumu,
Watafiti wa KEMRI, Kisian,


Leo, tarehe 24 Machi, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, sisi wavuvi, wachuuzi wa samaki na wakazi wa Dunga, Usoma, Nyalenda na Obunga tunawaletea risala hii.

Tunaanza kwa kukumbusha deni. Zamani kifua kikuu (TB) kilitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Matibabu ya miezi 6 yalijaribiwa kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki, na matokeo yakaanza kuchapishwa mwaka 1972. Njia iliyoenea duniani kote ilipimwa kwa vifua vyetu.

MALALAMIKO

1. Dawa tunazomeza zinamwinda mdudu wa TB peke yake, ilhali mdudu huyo amejificha ndani yetu. Akishamezwa na seli walinzi za mapafu, hubadilisha umetaboli wa seli hizo, yaani jinsi zinavyotumia chakula: seli hujaa matone ya mafuta, naye hujilisha mafuta hayo na kolesteroli, kama mgeni aliyeteka jiko la mwenyeji.

2. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, hugeuza mkojo kuwa rangi ya machungwa. Mvuvi wa omena anayekesha majini na wenzake hana pa kujificha. Akishaonekana, nafasi yake mtumboni huenda kwa mwingine. Kila mwezi wa matibabu una bei yake.

3. Makohozi yakiwa safi, tunaambiwa tumepona. Lakini kuna mwenzetu, zamani hodari wa kuvuta nyavu, ambaye leo hupumzika mara mbili kati ya mtumbwi na uwanja wa kuanikia omena. Mapafu yake yaliharibiwa pia na uvimbe wa mwili wake wenyewe, na hakuna aliyempima pumzi.

4. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kuwa metfomini, dawa ya kisukari, husaidia seli kumdhibiti mdudu huyu, na panya waliotibiwa nayo walipata nafuu. Jaribio la metfomini kwa wagonjwa wa TB nchini India halikuona makohozi yakisafika upesi zaidi, ila liliona uvimbe ukipungua. Dawa hii ni ya zamani na rahisi. Hakuna kampuni itakayotajirika kwa kuipima. Ndiyo maana tumekuja kwa serikali.

MADAI

1. Serikali itenge fedha za kupima hapa ziwani dawa zinazolenga umetaboli wa seli ya mgonjwa, zikiongezwa juu ya dawa za kawaida, si badala yake.

2. Wanaotumia dawa za VVU (ARV) wasiachwe nje ya majaribio haya. Dolutegraviri, mojawapo ya ARV, hupandisha kiwango cha metfomini mwilini, na rifampisini hushusha cha dolutegraviri. Kwa hiyo dozi ya metfomini iliyopimwa kwingine haiwezi kuletwa hapa bila kupimwa. Na hadi ipimwe, tunawasihi wenzetu wasijinunulie metfomini dukani kutibu TB.

3. Majaribio yapime pumzi na uwezo wa kurudi kazini, si makohozi tu. Kila anayemaliza dawa apimwe mapafu.

4. Mvuvi anayehamia visiwani apewe dawa popote anapotia nanga, bila kuanza faili upya.

5. Tuwe na wawakilishi katika kamati za utafiti, na matokeo tuyasikie kwa Dholuo na Kiswahili kabla ya kusomwa kwenye mikutano ya ng'ambo. Dawa ikifaulu, waliojitolea waipate kwanza.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 60, lenye jina la afisa atakayewajibika kwa kila dai.

Ni sisi,
Wagonjwa na waliopona TB, ufuo wa Kisumu