Baridi Yabisi na Kazi ya Muuguzi: Majibu kwa Wenye Shaka

Kila inapotajwa kliniki ya baridi yabisi inayoendeshwa na wauguzi, hoja zilezile hurudi. Nyingine hutoka kwa madaktari, nyingine kwa wagonjwa wenyewe, na chache, kwa masikitiko, kwa wauguzi. Nazijibu hapa.

"Kazi ya sista ni sindano na presha. Viungo ni vya daktari."

Katika baridi yabisi, kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa viungo. Utando huvimba, na usipodhibitiwa hula gegedu na mfupa. Daktari bingwa ndiye anayethibitisha ugonjwa na kuanzisha tiba, hapo hatubishani. Ila ugonjwa wenyewe haumaliziki. Ni wa kudhibitiwa miaka nenda rudi, na kudhibiti maana yake ni kupima mara kwa mara na kurekebisha dozi pale kipimo kinapodai.

Kipimo kinachotumika sana ni DAS28. Viungo 28 hubonyezwa kimoja kimoja: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vifundo vya vidole, magoti. Vinavyouma vinahesabiwa, vilivyovimba vinahesabiwa, kisha huongezwa kipimo cha damu na alama anayojipa mgonjwa mwenyewe kuhusu hali yake. Kazi hiyo inataka vidole vilivyozoea na mtu asiye na foleni ya watu sitini mlangoni. (Hesabu hiyo inaruka nyayo na vifundo vya miguu, nami naona ni kasoro. Muuguzi makini humwambia mgonjwa avue viatu hata hivyo.)

Ushahidi nao upo, tena si wa jana. Mwaka 1994 Jackie Hill, muuguzi wa Leeds, Uingereza, alichapisha na wenzake jaribio lililolinganisha kliniki ya muuguzi na ya daktari bingwa. Waliohudumiwa na muuguzi waliufahamu ugonjwa wao vizuri zaidi na waliridhika zaidi. Miaka 20 baadaye, mwaka 2014, likaja jaribio kubwa zaidi lililoongozwa na Mwidimi Ndosi: wagonjwa 181 katika vituo 10 vya Uingereza, waliogawanywa kwa kura, nusu kwa wauguzi bingwa na nusu kwa madaktari, wakafuatiliwa kwa miezi 12. Ugonjwa wa waliokuwa mikononi mwa wauguzi haukudhibitiwa vibaya kuliko wa wenzao. Anayedai kwamba mgonjwa hupunjwa anapoonwa na muuguzi aliyesomea kazi hii, basi alete takwimu zake.

"Hizo ni habari za Uingereza. Huku kwetu haiwezekani."

Hoja hii naisikia kwa watu waliokaa hatua chache tu kutoka kwenye CTC, yaani kliniki ya wagonjwa wa UKIMWI. Ugonjwa wa maisha, dawa kali zenye madhara, vipimo vya damu vya kila mara, wagonjwa wanaopotea njiani, madaktari wachache: yote hayo tuliyakuta kwenye UKIMWI. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kugawana majukumu, na leo sehemu kubwa ya ufuatiliaji wa wagonjwa hao Tanzania, Kenya na Rwanda iko mikononi mwa wauguzi. Mabingwa wa baridi yabisi Afrika Mashariki ni wachache kuliko wilaya zetu kwa mbali. Kwa hiyo mgonjwa wa wilaya kama Tandahimba hachagui kati ya bingwa na muuguzi. Anachagua kati ya muuguzi aliyefundishwa na duka la dawa.

"Kidonge ni kidonge. Mgonjwa atasoma maelekezo."

Hapa ndipo ninapokosa uvumilivu. Dawa kuu ya baridi yabisi ni methotrekseti, nayo humezwa mara moja kwa wiki. Kwa wiki, si kwa siku. Mgonjwa aliyezoea bahasha ya dawa iliyoandikwa 1x1 au 1x3 akiimeza kila siku, uboho wa mifupa hushindwa kutengeneza damu, mdomo hujaa vidonda, na anaweza kufa. Wapo waliokufa hivyo, hata katika nchi zenye kila kitu.

Muuguzi anayejua kazi yake haishii kusema "kwa wiki". Anamtaka mgonjwa achague siku, tuseme Jumamosi, na kuiandika kwa jina. Anampa foliki ya kumeza siku nyingine, kisha anamtaka arudie yote kwa maneno yake, ikibidi mbele ya binti anayeishi naye. Anamuuliza kuhusu pombe. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa anauliza kuhusu mimba waziwazi, kwa sababu dawa hii huharibu mimba. Anamtajia dalili za kumrudisha kituoni siku hiyohiyo: homa, vidonda vya mdomo, pumzi kubana. Kisha anafuatilia majibu ya damu, ini na figo, na asipomwona mgonjwa, anapiga simu. Kikaratasi ndani ya boksi hakipigi simu.

"Maumivu yakiisha, dawa basi."

Maumivu yameisha kwa sababu ya dawa. Hatari zaidi ni yule anayejinunulia prednisoloni dukani kwa kuwa inamnyoosha ndani ya siku mbili. Akiendelea nayo kwa miezi, sukari na presha hupanda na mifupa hudhoofu. Akiiacha ghafla, anaweza kuzimia. Siri hiyo daktari huwa haambiwi. Muuguzi huambiwa.

"Kumsikiliza mgonjwa si tiba."

EULAR, muungano wa Ulaya wa wataalamu na wagonjwa wa baridi yabisi, haukubali. Mapendekezo yake kuhusu kazi ya muuguzi, yaliyotoka 2012 na kuhuishwa 2018, yanamtaka ashughulikie wasiwasi na sonona, na amfundishe mgonjwa kujisimamia. Mwanamke asiyeweza tena kusonga ugali, ambaye mume anadhani anajidekeza, ataacha kliniki kabla dawa haijafanya kazi.

"Muuguzi atapitwa na hatari."

Anaweza, kama mtu yeyote. Ndiyo maana hufanya kazi na daktari aliye karibu au kwenye simu, na kwa mipaka iliyoandikwa. Goti moja lililovimba ghafla, la moto, pamoja na homa, halisubiri hesabu ya viungo 28: huenda lina usaha, na mgonjwa anapewa rufaa saa hiyohiyo.

"Ni njia ya kuwabebesha wauguzi mzigo kwa mshahara uleule."

Hili sina la kulipinga, na wauguzi wanaolisema wana haki. Waliofanikiwa Uingereza ni wauguzi bingwa, waliosomea fani hii na wenye muda uliotengwa kwa ajili yake. Kumpa muuguzi wa zamu ya usiku orodha ya wagonjwa wa methotrekseti, bila mafunzo, bila maabara na bila daktari wa kumpigia, ni kuandaa vifo kisha kumtafuta wa kumlaumu. Wizara ikitaka kliniki hizi, ianze na cheo, mtaala na posho, ndipo itoe waraka.