Ipole: Je, mzinga wa nyuki unaweza kuwa darasa?

Ukitoka Tabora kwenda Mpanda, ukishaipita Sikonge unafika Ipole, njia panda ya barabara iendayo Rungwa. Eneo hili ni la miombo, na kwenye miombo kuna nyuki.

Tunaanza na nyuki kwa sababu mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unataka mwanafunzi amalize shule akiwa na ujuzi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, na sekondari ina mikondo miwili: wa jumla na wa amali. Shule za msingi zina somo la Sanaa na Michezo, sambamba na Sayansi na Hisabati.

Lakini kuyapanga masomo kwenye ratiba moja si kuyaunganisha. Elimu inayounganisha sayansi, teknolojia, sanaa na hisabati huanza na tatizo la kutatuliwa. Chukua asali. Unyevu wake ukizidi asilimia 20, huweza kuchacha. Hiyo ni sayansi. Mti uliobanduliwa gome kuuzunguka ili kupata mzinga hufa. Kubuni mzinga wa mbao badala yake ni teknolojia. Kupima mbao na kukokotoa faida ni hisabati. Kuchora lebo itakayomvutia mnunuzi wa Dar es Salaam ni sanaa. Mjini Tabora kipo chuo cha ufugaji nyuki, hivyo walimu wana pa kuuliza.

Kikwazo ni nini? Kwanza, mitihani: kila somo lina karatasi yake. Pili, kumbukumbu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma Tabora, alitangaza Elimu ya Kujitegemea. Shule nyingi ziliishia kuwapa watoto majembe walime shamba la shule, bila kuwafundisha kwa nini udongo huchoka. Mzazi aliyepitia hayo akisikia neno amali, hukumbuka jembe, na huhofia kwamba mwanawe anatengwa na wanaoandaliwa kwa chuo kikuu.

Hofu hiyo haiondolewi kwa hotuba. Itapungua siku mwanafunzi wa Ipole atakapotengeneza mzinga, akaeleza kwa nini asali yake haichachi, na kazi hiyo moja ikampa alama katika kila somo lililohusika.