Mapumziko ya Mwenye Kutazama Ndege

Juma hili tunataka kunena juu ya mapumziko ambayo wazee wetu wengi wangeyaona kichekesho: mtu anasafiri mbali, analipa fedha, naye hataki ila kutazama ndege. Hawapigi, hawali, wala hawatii tunduni.

Twende basi hata pwani ya Kenya, kati ya Kilifi na Malindi, penye msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi. Mgeni huamka kabla ya mapambazuko, maana jua likiwa kali ndege hunyamaza, naye mgeni hulala. Hakuna anayeharakisha. Kijana wa kijiji hutangulia hatua kumi, husimama, husikiliza. Muda mrefu waweza kupita bila kitu. Mara kundi la ndege wa aina nyingi linapita matawini, na darubini zote zinainuka.

Atafutwaye kuliko wengi ni bundi. Ndiyo, bundi! Huyu wa Sokoke ni mdogo, urefu wake sentimita 17 hivi, na nje ya msitu huo anajulikana pia katika misitu ya chini ya Usambara, Tanzania. Katika nyumba zetu nyingi bundi akilia usiku, mama hushika rozari na baba hutafuta jiwe. Rozari ni njema, jiwe tunalikataa. Ndege huyo anawinda wadudu wake, wala Muumba hakumpa kazi ya kutangaza misiba. Kule Sokoke kijana humtafuta mapema katika kichaka alimolala, kisha humwonyesha mgeni mchana, na malipo yake yanakuwa unga na mafuta nyumbani.

Siku nyingine hupangwa kwa kufuata maji ya bahari. Katika hori ya Mida, karibu na Watamu, maji yakipwa huonekana ndege mla-kaa, mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene. Hutoka pwani za Uarabuni, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu. Juu ya mikoko pamejengwa njia ya mbao, na kiingilio chake husaidia A Rocha, shirika la Kikristo, kuwalipia karo ya sekondari watoto wa kandokando ya msitu na hori. Mzazi akataye mti wa msitu ili mwanawe asifukuzwe shuleni hatuwezi kumhukumu kwa wepesi. Lakini karo ikitoka katika msitu uliosimama, anayo sababu ya kumnyang'anya mtoto manati. Hata hivyo chakula hiki hakina uhakika: mwaka 2020, korona ilipofunga njia, wageni walikoma.

Tuseme neno pia juu ya maarifa. Yuko huko kwera mmoja aliyeandikwa vitabuni mwaka 1913. Kiota chake hakikujulikana kwa wataalamu hata 2013, kilipoonekana katika kinamasi cha Dakatcha, na wenyeji walikuwa miongoni mwa watafutaji. Mwaka uo huo 1913, James Chapin aliona unyoya wa ajabu katika kofia ya mtu wa Ituri, kwetu Kongo. Ilimchukua hata 1936 kumtambua tausi wa Kongo. Jina la mwenye kofia halikuandikwa popote tunapopajua.