Treni ikianguka tena Lubudi, nani atakuja?

Wandugu, vijana wa Kolwezi, Fungurume, Tenke, Lubudi na Dilolo,

Usiku wa tarehe 10 Machi 2022, karibu saa sita, treni ya mizigo ya SNCC iliyotoka Luena ikielekea Tenke ilitoka kwenye reli huko Buyofwe, teritware ya Lubudi. Ilikuwa na wagoni 15. Saba zilianguka ndani ya bonde. Hesabu ya kwanza kutangazwa ilikuwa wafu 60, na wakati ule kulikuwa na miili ingali imebanwa ndani ya chuma. Kisha hesabu ikapanda: wafu 75, wajeruhi 125.

Kutoka 60 mpaka 75. Mpaka leo tunauliza swali moja: ni wangapi walikufa palepale, na ni wangapi walikufa wakingoja?

Na haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 12 Novemba 2017, kwenye teritware ileile ya Lubudi, treni ya SNCC iliyobeba mafuta ilianguka bondeni ilipokuwa inapanda mlima. Zaidi ya watu 30 walikufa. Tarehe 22 Aprili 2014 ilikuwa Katongola, upande wa Kamina, makumi ya wafu tena. Mwaka 2007 ilikuwa Benaleka, Kasai, karibu watu 100. Mtu akianguka mara moja kwenye ngazi, utasema ni bahati mbaya. Akianguka kila baada ya miaka michache, mwenye nyumba atengeneze ngazi, na aweke dawa ya vidonda karibu.

Neno "klandestini" halifungi damu

Kila mara jibu ni lilelile. Treni ilikuwa ya mizigo. Watu walipanda bila ruhusa. "Bale beko ba klandestini." Mwaka 2022 SNCC yenyewe ilieleza kwamba watu mamia walikuwa ndani ya wagoni kwa kujificha.

Tuseme ukweli. Mama mwenye mfuko wa muhogo anayetoka Luena hapandi wagoni ya madini kwa sababu anapenda upepo. Anapanda kwa sababu treni ya abiria ni ya kungoja siku nyingi, na barabara ni matope. Shefu wa gare anamuona. Polisi anamuona. Machinisti anamuona. Mtu anayeonwa na wote hajajificha. Wote wanajua wako ndani, sasa kwa nini mpango wa ajali uandikwe kama vile hawako? Na hata kama alipanda bila tikiti, munganga haulizi tikiti mbele ya kufunga kidonda.

Tunajua reli ni ya zamani. Tunajua lokomotive ni chache. Mwaka 2010 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 255 kwa mradi wa kusaidia uchukuzi wa inchi hii, na SNCC ilikuwa katikati ya mradi ule. Kutengeneza reli kutachukua miaka. Sawa. Lakini mpango wa uokozi hauhitaji miaka kumi. Karatasi, simu, mafuta ya gari, na watu waliojifunza: hiyo ni kazi ya miezi.

Saa za kwanza ndizo zinaua

Tuelewane juu ya kitu kimoja, maana wengi wanafikiri uokozi ni kuleta gari la maiti na magunia ya unga.

Mtu aliyekatika mshipa mkubwa anaweza kufa kwa dakika chache. Dakika hizo hakuna ambulansi ya Kolwezi itakayofika Buyofwe, kilometa karibu 200. Atakayemwokoa ni mtu wa kijiji, kama amefundishwa kukaza kitambaa juu ya kidonda. Mtu aliyebanwa mguu chini ya wagoni kwa saa nyingi, ukimvuta haraka bila maandalizi, sumu ya nyama iliyokufa inaingia kwenye damu, inapiga moyo na figo. Anaanza kucheka kwamba ameokoka, kisha anakufa. Munganga anapaswa kumwekea maji ya mshipa mbele ya chuma kuinuliwa. Mwenye mgongo uliovunjika, ukimbeba kwa mikono na miguu kama gunia, unamlemaza. Anahitaji kipoyi kigumu, hata ubao wa mlango.

Hakuna hata moja kati ya haya inayohitaji elimu ya Ulaya. Inahitaji mafunzo ya siku mbili tatu, na vifaa vilivyowekwa karibu na reli mbele ya ajali.

Asidi na mafuta vinapita humo humo

Siku hizi kila mukubwa anaimba Lobito. Desemba 2024 Rais Joe Biden wa Marekani alifika Angola kwa ajili ya korido hiyo. Shaba yetu inaanza kupita Dilolo kwenda baharini, na salfa ya kutengenezea asidi ya migodi inarudi kwa njia hiyohiyo. Njia hiyo inakutana na ile ya Lubudi pale Tenke. Hatupingi treni. Treni nyingi ni lori chache barabarani. Lakini treni nyingi juu ya reli ileile iliyochoka ni hatari mpya, na mzigo wenyewe si viazi.

Tunajua asidi inafanya nini. Februari 2019, karibu na kijiji cha Kabwe, kwenye barabara yetu ya kwenda Kolwezi, lori la asidi liligongana na basi. Watu wasiopungua 18 walikufa. Na tunajua mafuta yanafanya nini: Julai 2010 kule Sange, Kivu Kusini, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakaribia, likalipuka, zaidi ya 200 wakafa. Wagoni ya mafuta ikianguka leo karibu na kijiji, nani atawaambia watoto waondoke na bidoni zao? Nani anajua ndani ya kila wagoni mna nini? Kama karatasi hiyo iko ofisini Lubumbashi, haisaidii mtu wa Buyofwe usiku.

Majirani wenye mashine

Watasema hakuna vifaa. Hapo tunakataa kabisa.

Lualaba ni jimbo lenye magari makubwa ya kuinulia vitu vizito kuliko sehemu nyingi za inchi hii. Yako ndani ya uzio wa migodi. Migodi mikubwa ina ambulansi, waganga, taa za usiku, vikosi vya uokozi vya kwao. Kinachokosekana ni barua iliyosainiwa inayosema: treni ikianguka, kampuni hii inatoa grue, ile inatoa ambulansi, na anayetoa amri ni fulani.

Hii si ndoto. Tarehe 25 Aprili 2005, mjini Amagasaki, Japani, treni ya abiria ilitoka kwenye reli ikagonga jengo. Watu 107 walikufa, zaidi ya 500 walijeruhiwa. Kiwanda jirani kilisimamisha mashine, wafanyakazi wakakimbia kwenda kuwatoa watu na kuwabeba hospitalini. Japani ni tajiri, ina ambulansi, lakini bado jirani mwenye nguvu alihitajika. Sisi majirani wetu ni wachimbaji wa shaba wa dunia nzima.

Na pesa? Kodi ya mines ya mwaka 2018 inaamuru kila kampuni itoe angalau 0,3% ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya wanainchi wanaozunguka mgodi. Juu ya hiyo, katika redevance minière, 25% ni ya jimbo na 15% ni ya sekta na komini. Kipoyi, kitambaa cha kufunga damu na simu ya redio havimalizi hata kona ya pesa hiyo.

Tunadai

Mama Gavana, wakubwa wa SNCC, na wakubwa wa migodi, tunadai haya:

1. Mpango wa uokozi ulioandikwa kwa kila kipande cha njia: Luena–Lubudi–Tenke, Tenke–Kolwezi, Kolwezi–Dilolo. Mpango useme nani anaamuru, nani anapigiwa simu kwanza, na gari linapita wapi kufika kwenye reli. Uwekwe wazi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

2. Namba moja ya simu, ya bure, ibandikwe kwenye kila gare na kila kijiji cha kando ya reli. Pale simu haishiki, redio.

3. Vifaa Lubudi na Tenke: vya kukata chuma, jeki, taa, vipoyi, maji ya mshipa. Funguo zisikae kwa mtu mmoja anayelala Lubumbashi.

4. Mkataba na migodi juu ya grue, ambulansi na waganga, usainiwe mbele ya ajali, na tuonyeshwe saini.

5. Mafunzo kwa vijana wa vijiji pamoja na Croix-Rouge, na zoezi moja kila mwaka, usiku, na hospitali ya Lubudi na Mwangeji ndani yake.

6. Kila treni ya asidi, salfa au mafuta iwe na orodha ya mzigo inayofika kwenye kila gare mbele ya treni yenyewe.

7. Wagoni ya abiria yenye viti kwenye njia ya Luena, na hesabu ya watu. Wafu waandikwe majina, familia ziambiwe, na malipo yasikatwe kwa neno "klandestini".

Na sisi?

Sisi hatutangoja wamalize mikutano. Kijana anayeishi karibu na gare, andika: gare yako ina simu inayofanya kazi? Barabara inafika kwenye reli? Kuna mtu aliyefundishwa kufunga damu? Piga picha bila kusumbua wafanyakazi wa SNCC, wengi wao ni wazazi wetu na wao pia wanakufa kwenye treni hizo. Tutakusanya majibu yote, tuyapeleke kwa amani ofisini kwa gavana na kwenye bunge la jimbo. Tutadai tupewe siku ya jibu, kisha tutarudi siku hiyo.

Shaba ya Lualaba ina ramani, ina mlinzi, ina asuransi mpaka Lobito. Mtu wa Lualaba anayelala juu ya wagoni hiyohiyo anadai kitu kidogo: akianguka, mtu ajue, na mtu aje.

Soma, tuma kwa wengine, somea wazazi kwa sauti.

Kolwezi, sisi vijana wa harakati.