Kwanza Jicho, Kisha Mkono: Binti Zetu na Somo la Uchoraji



Wasomaji wetu watukufu, mama mmoja ametuletea suali ambalo twaamini si lake peke yake. Binti yake amepata nafasi chuoni, na katika masomo ya mwaka wa kwanza limo somo la uchoraji wa rangi. Nyumbani pamezuka maneno. Baba asema kuchora picha ni haramu. Kaka asema hata kama si haramu, ni kupoteza karo, kwani dada yake hajawahi kuchora hata kuku akafanana na kuku. Binti mwenyewe amenyamaza, na siku za kuthibitisha masomo zinakaribia. Mama auliza: amuunge mkono au amzuie?

Haifai kutoa hukumu juu ya jambo kabla ya kulijua lilivyo. Basi na tuingie kwanza ndani ya darasa lenyewe, tuone hufanywa nini humo.

Wiki za mwanzo, aghalabu, mwanafunzi hashiki rangi kabisa. Mezani huwekwa vitu vya kawaida: jagi, chupa, kikombe, limau, kitambaa kilichokunjwa. Taa huelekezwa kutoka upande mmoja ili kivuli kianguke upande wa pili. Mwanafunzi hupewa karatasi na makaa ya kuchorea, akaambiwa achore anachokiona. Hapo ndipo penye kazi. Karibu kila anayeanza huchora mdomo wa kikombe kama duara kamili, kwa kuwa ajua kwamba mdomo wa kikombe ni duara. Kisha huchora kitako chake kwa mstari ulionyooka, kwa kuwa ajua kwamba meza ni tambarare. Lakini jicho lake, kutoka pale alipoketi, halioni duara kamili. Laona duara lililobanwa, na kitako nacho chaonekana kimepinda. Mkono umetii anachokijua, haukutii anachokiona.

Jambo hili wanazuoni wa Kiislamu walilitafakari zamani. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi yake kubwa mjini Cairo katika karne ya 11, aliandika Kitab al-Manazir. Humo alibainisha kwamba twaona kwa nuru itokayo kwenye vitu na kuingia jichoni, wala si kwa mwale utokao jichoni kama walivyodhani wengi waliomtangulia. Akaeleza pia kwamba mengi tunayodhani tumeyaona, ni akili iliyoyakamilisha kwa kukumbuka na kulinganisha. Somo la kwanza la uchoraji, basi, ni kumzuia mwanafunzi asikimbilie kuhukumu. Atazame kwanza.

Ili atazame vyema, hufundishwa kupima. Hunyoosha mkono, hufumba jicho moja, na kwa mpini wa brashi huuliza: urefu wa chupa hii ni vikombe vingapi? Waliosoma khatt hawataliona hili kuwa geni. Tangu zama za Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, herufi za Kiarabu zimepimwa kwa nukta ya kalamu ileile inayoziandika, na urefu wa alifu ndio uliokuwa kipimo cha herufi nyingine. Uzuri una mizani, na mizani hufundishika.

Baada ya vipimo huja mwanga na kivuli. Mwanafunzi huchora safu ya vijisanduku, cha kwanza cheupe na cha mwisho cheusi, na kati yake daraja za kijivu zinazoshuka sawasawa. Ni kazi inayochosha, lakini huchongoa jicho. Tena huambiwa afumbe macho nusu anapotazama meza ile. Vitu vidogo hupotea, na mahali penye mwanga na penye giza hujitenga. Mama ashonaye nguo ajua kanuni hii: kitambaa hukatwa kwanza, tarizi huja mwisho. Mchoraji naye huanza na mafungu makubwa, na ule ung'avu mdogo ulio shingoni mwa chupa huuweka mwisho kabisa.

Ndipo rangi zije. Mwalimu mwenye hekima humpa mwanafunzi rangi chache tu: nyekundu, njano, buluu na nyeupe. Humo atafute nyingine zote. Atajifunza kwamba buluu na nyekundu huzaa zambarau, lakini nyekundu inayoelekea chungwa huzaa zambarau iliyofifia, na inayoelekea waridi huzaa zambarau safi. Atajifunza kwamba nyeusi ikitiwa ndani ya njano hutoa kijani cha zeituni, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Atagundua kwamba kivuli kilicho juu ya kitambaa cheupe si cheusi. Huwa na ubuluu, au hubeba rangi ya limau lililo karibu nacho.

Mama zetu hapa pwani hawana haja ya kuhadithiwa sana habari hii. Nyekundu ya leso iliyozungukwa na pindo jeusi si sawa machoni na nyekundu hiyohiyo iliyozungukwa na nyeupe. Mwanakemia wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, alikuwa msimamizi wa utiaji rangi katika karakana za mazulia za Gobelins mjini Paris. Kulikuwa na malalamiko kwamba uzi mweusi haukolei. Akachunguza, akaona uzi hauna kasoro. Kilichoufifisha ni rangi zilizopakana nao. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kikubwa juu ya jambo hilo, na hadi leo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hufanya mazoezi yatokanayo na ugunduzi huo.

Ama hukumu ya sheria, hapa yatupasa tuseme kwa uadilifu. Zimepokewa hadithi sahihi zenye onyo kali kwa wenye kutengeneza sura za viumbe wenye roho, wala si halali yetu kuzipuuza. Lakini imepokewa pia katika Sahih al-Bukhari kwamba mtu aliyekuwa akijipatia riziki kwa picha alimwendea Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake na baba yake, naye akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Hakumfukuza katika ufundi wake; alimwonyesha mlango. Juu ya picha bapa za wenye roho wanazuoni wametofautiana. Wengi wamekataza, na sisi tulio katika madhehebu ya Shafii twaishika kauli hiyo. Baadhi, wakiwemo wa madhehebu ya Malik, wametofautisha kati ya sanamu yenye kivuli na picha ya ukutani au kitambaani. Lakini jagi, limau, kitambaa, mnazi, jahazi na nyumba ya mawe havimo katika hitilafu hiyo. Basi baba asiyekataa mchongaji wa milango ya Lamu, wala vidaka vya plasta vilivyopamba nyumba zetu, wala misahafu ya Siyu iliyotiwa mapambo ya rangi kwa mkono, hana hoja ya kukataa picha ya jagi.

Hata hivyo, ana haki ya kuuliza. Katika baadhi ya vyuo, masomo ya mbele huwa na uchoraji wa mwili wa binadamu, na pengine mtu huketi mbele ya darasa bila nguo. Hapo pana suala la sitara ambalo halina mjadala kwetu. Dawa yake ni kuomba mtaala mapema, kabla ya kuthibitisha somo, na binti azungumze na mwalimu kwa adabu, aeleze kinachomzuia na aombe kazi mbadala. Akikubaliwa, alhamdulillah. Asipokubaliwa, achague somo jingine angali na nafasi. Kunyamaza hadi katikati ya muhula ndiko kunakoleta majuto.

Tumjibu na kaka. Kutojua kuchora si sababu ya kutosoma kuchora. Ndiyo sababu ya kusoma. Katika chuo cha Qur'ani tuliandika kwenye ubao, maalim akasahihisha, tukafuta, tukaandika tena. Hakuna aliyefukuzwa kwa sababu alifu yake ya kwanza ilipinda. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Ama riziki, hatuahidi lililo mikononi mwa Mola. Twasema tu kwamba jicho lililofunzwa hufaa katika ualimu, katika usanifu wa nguo na wa majengo, na katika kupamba vitabu. Wala jambo hili si geni Afrika Mashariki: Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mjini Kampala katika miaka ya 1930, na shule ya sanaa ya Makerere yaitwa kwa jina lake.

Kwa mama, basi, jibu letu ni hili: muunge mkono, kwa mipaka tuliyoitaja. Na kwa wazazi wote wenye binti katika darasa kama hilo, tuna nasaha chache.

Msinunue sanduku la rangi ishirini. Rangi chache zatosha, na nyeupe iwe kopo kubwa, kwa maana ndiyo iishayo upesi. Kwa kufanyia kazi nyumbani, akriliki yafaa kuliko rangi ya mafuta: huchanganywa kwa maji, haihitaji vimiminiko vyenye harufu kali, na hukauka kwa dakika, ambapo ya mafuta hungoja siku kadhaa. Lakini brashi ioshwe papo hapo kwa maji na sabuni. Ikikaukia rangi, imekufa. Kigae cheupe cha zamani chatosha kuwa kibao cha kuchanganyia.

Jueni pia kwamba itafika siku kazi zote zitatundikwa ukutani, na wanafunzi pamoja na mwalimu wazungumzie kila moja mbele ya mwenyewe. Kwa binti aliyelelewa kwa haya, siku hiyo ni nzito. Mwelezeni mapema kwamba kinachopimwa ni picha, si yeye, na kwamba ana haki ya kusema kwa sauti ya upole ni kwa nini alifanya alivyofanya. Na akileta nyumbani picha yake ya kwanza, msimcheke, wala msimsifu kwa uwongo. Muulizeni: ni wapi palikuwa pagumu? Ni nini ulichokiona ambacho hukukiona kabla? Akiwa na jibu la suali hilo la pili, karo yenu haikupotea.

Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu elimu yenye manufaa, na awahifadhi na yasiyo na manufaa. Amin.