Fundi, Gesi Imekwenda Wapi?

Sisi tunaokaa ng'ambo ya mto Sabaki, pwani ya Kenya, tuna neno, na safari hii si la siasa. Ni la friji. Ni la friza, la feni, la kiyoyozi cha yule jirani aliyejaliwa, na la fundi anayekuja kuvitengeneza akaviacha vibovu kuliko alivyovikuta.

Kaskazi ikishaingia, Desemba hadi Machi, joto la huku halina adabu. Wazee wetu waliezeka makuti wakalala usingizi. Sisi tumeezeka mabati, kwa kuwa makuti hutaka kubadilishwa kila baada ya muda na yakishika moto hayaulizi, basi tunatandika mikeka uani na kugombana na mbu. Ndugu zetu wa Marafa na Adu waliobaki na kuta za udongo wanatucheka. Wana haki.

Lakini msije mkatwambia kupoza ni anasa ya Wataliano wa Malindi na Mambrui. Mvuvi wa Ngomeni asipopata barafu, changu na kolekole wake huuzwa kwa bei ya huruma kabla jua halijafika utosini. Mama anayeuza maji baridi na sharubati kando ya barabara ya Gongoni, friza ndiyo shamba lake. Bibi mwenye kisukari huweka insulini yake baina ya nyuzi 2 na 8, na huko nje ni nyuzi thelathini na kitu. Friji ikinyamaza, hao wote wamenyamazishwa.

Sasa mwite fundi. Kwanza kuna nauli: fundi yuko Malindi, na kuvuka daraja la Sabaki kwake ni kama kusafiri ng'ambo ya bahari. Akifika, kuna ada ya kuangalia. Akishaangalia, jawabu huwa moja, awe mzee awe kijana: "Mama, gesi imekwisha."

Imekwisha vipi? Tumekuwa tukilimeza neno hili miaka mingi, na tumechoka. Friji ni mfumo uliofungwa. Gesi yake huzunguka humo humo miaka nenda miaka rudi. Haiungui, haipungui kwa kutumika. Ikipungua, basi pana tundu. Fundi ajuaye kazi hulitafuta tundu kwanza, kwa povu la sabuni au kwa kujaza naitrojeni na kuitazama geji. Hulichomea. Kisha hufyonza hewa na unyevu wote kwa pampu, kwa kuwa unyevu ukibaki ndani hugandia kwenye kibomba chembamba na kuila kompresa polepole. Mwisho kabisa ndipo hutia gesi, tena kwa mizani, gramu zile zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Huyu wetu hana pampu wala mizani. Hupima kwa kushika bomba na kutega sikio. Friji huguruma, barafu hushika, sisi hulipa na kushukuru, na chai tunampa. Baada ya wiki mbili gesi "imekwisha" tena, na tundu liko pale pale likitutazama.

Akija mara ya tatu, ni kompresa. Hapo afadhali ununue mbuzi.

Tusimwonee pia, maana hali ya huku ni ngumu kwa chuma chochote. Mashamba ya chumvi yametandaa toka Gongoni hadi Marereni, na upepo wa bahari hubeba chumvi mpaka kwenye vikombe vya chai. Mapezi ya alumini ya kile kisanduku cha nje cha kiyoyozi hugeuka unga, bomba la shaba huota kijani kisha hutoboka. Na stima ya mwisho wa laini hushuka mpaka taa inakuwa ya manjano. Kompresa hujaribu kuwaka, hushindwa, hujaribu tena, hadi inaungua. Fundi mwema angekwambia ununue kile kifaa cha kulinda friji na usafishe mapezi kwa maji matamu. Huyu wetu hana faida kwa kukwambia.

Na leseni je? Hapa ndipo manung'uniko yetu yanapokolea. Leseni zipo, si kwamba hakuna. Anayetandaza nyaya za umeme nyumbani anatakiwa awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi, nazo zina madaraja yake. Mkandarasi wa viyoyozi vya jengo kubwa husajiliwa na NCA, mamlaka ya ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, daraja la kwanza hadi la nane. Fundi binafsi anaweza kufanya mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu, ya pili, ya kwanza. Vyema sana. Lakini yule anayekuja kwa boda na begi la spana kutengeneza friza ya mama wa sharubati, katika hao wote ni nani anayemjua? Ana karatasi moja tu ukutani kwenye kibanda chake: kibali cha biashara. Hicho husema kuwa amelipa. Hakisemi kuwa anajua.

Ujuzi wanao vijana wetu wenyewe. Wapo waliokwenda Doha, Jeddah na Maskati, wakapanda mapaa ya maghorofa jangwani kwenye joto linalofanya letu lionekane la mzaha, wakafunga na kufungua viyoyozi mpaka mikono ikajua yenyewe. Wamerudi. Muulize mmoja cheti, atakuonyesha kitambulisho cha kazi kilichokwisha muda. Kituo cha NITA cha pwani kiko Mombasa. Kuna nauli, kuna ada, kuna siku za kutofanya kazi. Serikali ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini bila kumrudisha mtu darasani, na hiyo ni sera nzuri, tungependa tu ipite Gongoni siku moja tuisalimie. Kwa sasa kijana anauza mahamri, na yule wa kutega sikio anaitwa fundi.

Kwingineko mambo si hivi. Marekani fundi haruhusiwi kugusa nyingi ya gesi hizi za kupoza bila cheti kinachotambuliwa na serikali. Na kule Arizona, jimbo la jangwa, kuna mfuko wa kumfidia mwenye nyumba aliyeharibiwa kazi na mkandarasi mwenye leseni. Hatuombi mfuko. Tungeridhika na risiti.

Gesi yenyewe nayo inapanda bei, tena kwa sababu ambayo hatuna ugomvi nayo. Viyoyozi vingi vya zamani hutumia R22, ambayo huila ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi kama yetu zinatakiwa ziwe zimekaribia kuiacha kabisa ifikapo 2030. Kilo moja ikivuja hupasha dunia joto mara 1,800 hivi ya kilo ya kaboni dioksaidi. Kwa hiyo kila "gesi imekwisha" ya uongo inatupasha joto mara mbili, mfukoni na angani. Friji nyingi mpya huja na R600a, ndugu ya gesi ya kupikia. Hiyo huwaka. Mtu asiyejua akiwasha moto wa kuchomea kabla hajaitoa, ndani ya jiko lako, watoto wakichungulia mlangoni, hapo si suala la bei tena.

Mwenye kiyoyozi naye asidhani amesalimika. Cha BTU 12,000 hula kama kilowati moja kikiwa kazini. Kiwashe saa nane kila usiku, hata kipumzike nusu ya muda, ni yuniti 120 kwa mwezi, na ukivuka 100 unahamishiwa kundi la bei ya juu kabisa ya majumbani, friji na balbu vikifuata huko huko. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Kiyoyozi chenye tundu hakizimi. Hukimbia usiku kucha bila kupoza, na tokeni hukimbia nacho.

Tunachotaka si kikubwa. Leseni za biashara na vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa Katiba ya 2010, viko mikononi mwa kaunti. Basi kabla ya kumpa mtu kibali cha ufundi wa friji, aulizwe pampu yake iko wapi. Mtihani wa NITA uletwe Malindi, hata mara moja kwa mwaka. Aliyefaulu apewe namba, aibandike nyuma ya friji pamoja na tarehe na gramu alizotia, ili akija mwingine ajue nani alipita. Yasipofanyika hayo, tutaendelea kumpigia yule yule wa wiki juzi, kwa kuwa namba yake ndiyo tuliyo nayo, na samaki wameanza kunuka.